Mjukuu Aliyeitwa Mnono

Ukitaka kumjua Kasuku, mwamshe usingizini umuulize kazi ya protini. Atakujibu macho yakiwa yamefumbwa: hujenga mwili. Wanga? Hutia nguvu. Vitamini? Hulinda. Kisha atageukia ukutani aendelee kukoroma. Wenzake wa mwaka wa pili wa uuguzi ndio waliompa jina hilo, na yeye wala hakununa. Mtihani wa lishe alipata tisini na sita, wao wakabaki na utani wao. Lishe kwake lilikuwa somo la kupumzikia. Chakula ni chakula jamani, nani asiyejua kula?

Basi ikafika zamu yake ya kwanza katika wodi ya watoto, Jumatatu asubuhi, na mgonjwa wa kwanza aliyekabidhiwa alikuwa Mnono.

Mnono alikuwa binti wa mwaka mmoja na nusu, kaletwa na bibi yake. Mama yake alijifungua tena mapema, huyu akaachishwa ziwa ghafla na kupelekwa kwa bibi. Huko, kwa miezi mitano, alikunywa uji wa unga mtupu asubuhi na jioni, maana hata bibi mwenyewe alikunywa huohuo. Siku za karibuni mashavu yakajaa, miguu ikajaa, majirani wakasifu malezi, na jina la Mnono likamganda. Kilichomtoa bibi nyumbani ni kitu kingine kabisa.

"Halii," alisema. "Mtoto mzima, wiki nzima halii. Hata umfinye, anakutazama tu."

Kasuku alimweka kwenye mizani: kilo tisa pointi nne. Akatafuta nukta yake kwenye kadi ya kliniki, ikaangukia katikati ya rangi ya kijani. Aa, raha iliyoje! Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Lishe: nzuri*. Akapiga mstari chini yake, apate kuonekana.

Mwalimu wao wa lishe alikuwa mama mfupi ambaye wanafunzi walimwita Mama Kipimo, kwa kuwa hata sukari ya chai yake aliipima. Alikuja, akaisoma fomu, akanyamaza. Na Mama Kipimo akinyamaza, mwenye akili hutafuta mlango. Akauchukua mguu wa mtoto, akaubonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, akahesabu polepole hadi tatu, akakitoa.

Shimo likabaki. Lilibaki palepale, kama umebonyeza unga uliokandwa, wala halikurudi. Bibi akainama kulitazama, akashika mdomo.

"Binti," Mama Kipimo akamwambia Kasuku, "hii ndiyo lishe nzuri?"

Kasuku aliona sakafu inamwendea mbio. "Ni unyafuzi, Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Ukurasa wa arobaini na mbili."

"Ukurasa unaujua. Mguu huujui." Kisha akamgeukia bibi, na sauti yake ikalainika. "Bibi, mjukuu wako hajanenepa. Amevimba. Mwili umekosa vya kuujengea, ukaanza kujaa maji. Na wewe hukufanya kosa, ulimgawia ulichokuwa nacho. Tutamtibu hapahapa."

Bibi alidhani sasa sufuria litaletwa, mtoto ashindiliwe mpaka aseme basi. Hata Kasuku moyoni alidhani hivyo. Wapi! Kikaja kikombe kidogo, na ndani yake maziwa maalumu mepesi, mililita themanini, si tone la zaidi. Yatolewe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kwa zamu.

"Themanini tu?" bibi akauliza. "Hata paka hatosheki!"

"Bibi, moto ukibaki kaa moja, unautupia gogo?"

"Nitauzima."

"Basi. Moyo wake na figo zake ni hilo kaa moja. Mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu, ukimlisha kwa pupa unaweza kumuua kwa chakula chenyewe."

Siku zote alizokariri, Kasuku hakuwahi kufikiri kwamba chakula kinaweza kuua mwenye njaa. Alikishika kile kikombe kwa mikono miwili, naye ndiye aliyekuwa akicheka eti nani asiyejua kula.

Jumanne ikapita, Jumatano, Alhamisi. Mnono alikunywa nusu, nusu nyingine ikamwagika shingoni, macho yake yakitazama dari. Bibi alikuwa wa kwanza kwenye mizani kila asubuhi. Shule hakwenda sana, lakini namba alizijua sawasawa, na alizishika kichwani. Tisa pointi nne. Tisa kamili. Nane pointi tano. Kila siku uso ulizidi kukunjamana.

Ijumaa asubuhi mizani ikasema saba pointi tisa.

Kasuku alimtoa mtoto, akamrudisha, akaipima tena. Saba pointi tisa, kama mtu anayerudia tusi. Mashavu yalikuwa yamenywea, mbavu zimeanza kuhesabika. Yule Mnono hayupo, kabaki kijitoto kikavu chenye kichwa kikubwa. Na katika kichwa cha Kasuku somo zima lilikuwa na sentensi moja tu, aliyoipatia alama zake zote: mtoto akilishwa ipasavyo, uzito huongezeka.

"Haya, niambie," bibi akasema, tayari anakunja shuka. "Haba na haba hujaza kibaba. Mbona kibaba chenu ninyi kinapungua?"

"Bibi, subiri kidogo..."

"Nisubiri nini? Nimemleta mnene, mnanirudishia mifupa! Kama ni kufa, atakufa kwangu, kashiba uji wangu." Akamnyanyua mtoto, akamtupa mgongoni, akaanza kufunga fundo.

Kasuku alikimbilia darasani, mwisho wa baraza. Mlango umefungwa, karatasi imebandikwa: mtihani unaendelea. Mama Kipimo yuko ndani anasimamia, na muuguzi wa zamu kapeleka mgonjwa mwingine upasuaji. Aliporudi, bibi alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Akitoka lango la hospitali, mtoto jioni angeshindiliwa uji wa siku tano kwa mkupuo mmoja, na lile kaa moja lingezimika. Hilo Kasuku alilijua kwa hakika. Alichokuwa hajui ni la kusema. Protini hujenga mwili? Upuuzi mtupu! Alitamani kulia.

Ndipo akauona mguu. Ulining'inia ubavuni mwa bibi, mwembamba, na ngozi yake imejikunja kama soksi iliyolegea. Kasuku alipiga magoti palepale kwenye ngazi, watu wanapita, akaweka kidole gumba juu ya unyayo. Akabonyeza. Moja, mbili, tatu. Akakitoa.

Hakukuwa na shimo.

Akabonyeza mguu wa pili. Nyama ilirudi mahali pake. Kasuku alibaki amepiga magoti, mdomo wazi. Kilo moja na nusu ilikuwa imetoka ndani ya mtu, wao wamelala, wamekula, wamepiga soga, na mwili huu mdogo ulikuwa kazini peke yake. Mililita themanini kwa mililita themanini ulikuwa unakamua maji na kuyamwaga, bila mtu wa kuuelekeza. Nepi zile nzito alizozibadilisha akinung'unika! Aliziona zote sasa. Subhana, aliwaza, na sisi tunaita hili somo jepesi.

"Bibi," akasema, "usinisikilize mimi. Mbonyeze mwenyewe. Kama Mwalimu alivyombonyeza Jumatatu."

Bibi alimtazama kwa hasira, kisha akamtazama tena, kwa vile binti wa watu alikuwa anatokwa na machozi. Akaketi kwenye ngazi. Akamshusha mtoto mapajani, akaweka kidole chake kigumu cha kulimia juu ya unyayo, akabonyeza kwa muda mrefu kuliko hata Mwalimu. Akakitoa. Akaangalia. Akarudia mguu mwingine, kisha goti, kisha mkono.

"Lile shimo liko wapi?"

"Halipo, Bibi. Maji yametoka. Kilichopungua ni hayo tu."

Bibi aliupapasa ule mguu. "Kumbe siku zote hizi," akasema taratibu, "nilikuwa nabeba maji nikidhani nimebeba mjukuu."

Saa ya kikombe ilikuwa imefika. Kasuku alikileta palepale ngazini, hakuthubutu kuwaambia warudi kwanza. Mnono alikunywa. Leo hakutazama dari, alikitazama kikombe. Akanywa hadi tone la mwisho, bila kumwaga, na Kasuku alipokiondoa, mkono mdogo ukakifuata hewani.

Mtoto akakunja uso, akavuta pumzi, akapasua ukelele ulioitikisa baraza nzima.

Madirisha yakafunguka. Mlango wa mtihani nao ukafunguka, Mama Kipimo akatoka mbio kalamu mkononi. "Nani huyo? Kuna nini?"

"Ni Mnono," Kasuku akajibu. "Anataka kingine."

Mama Kipimo, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona ameketi pasipo kiti, alikaa chini kwenye ngazi kando ya bibi. Kasuku akaanza kumbembeleza mtoto kwa mazoea, shii, shii. Mwalimu akamshika mkono.

"Mwache alie," akasema. "Tumemngoja siku tano."

Wakamwacha. Alilia kwa ghadhabu, miguu ikipiga, machozi ya kweli yakimwagika, na bibi akicheka huku kamkumbatia kifuani na kusema, huyu sasa ndiye, huyu sasa ndiye mjukuu wangu.