Mama Anaomba Maji

Katika vilima vya Karuba hapakuwa na mtu asiyeijua sauti ya Sebarenzi, shofere wa lori la mzungu wa kahawa kule Kalembe. Lori lilikuwa zee, radiatere, tangi la maji ya kupoza injini, inavuja, na wenye shamba, wakiambiwa, walijibu kwamba litafika tu. Wao hawakuwa wakilipanda. Basi likichoka mlimani, Sebarenzi alitoa kichwa dirishani akapiga kelele: "Mama anaomba maji!" Ndivyo alivyoliita, Mama. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage walitupa majembe, wakateremka na vibuyu wakicheka. Yeye aliiacha motere ikizunguka, akamimina mwenyewe, kidogo kidogo, kama anayemlisha mtoto uji. Hakuwahi kuwaeleza kwa nini. Na nani angeuliza?

Siku moja ya kiangazi, mwaka wa hamsini na nne, hakubeba kahawa. Nyuma, juu ya majani makavu ya migomba, alilala mke wake Mukamurenzi. Uchungu siku ya pili, mtoto hatoki, mwili unawaka. Dancille, dada wa mgonjwa, alikuwa amempakata kichwa chini ya turubai. Muuguzi wa Kalembe alikuwa amesema: hospitali, leo hii, jua lisizame mkiwa njiani.

Barabara ya mlima ilikuwa nyembamba, ya kupita kwa zamu, na juu kabisa palikuwa na bariera, mti uliolazwa katikati ya njia. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Malori yalipanda kwa foleni, pua kwenye mkia, yakienda hatua tatu na kusimama. Sebarenzi alijua kazi yake. Aliacha nafasi mbele ili asinyonye moshi wa mwenzake, akafungua mabawa ya boneti, na kila waliposimama alitoa gia akakanyaga mafuta kidogo ili feni ipulize. Akafika hivyo hadi karibu na bariera, maji yakinguruma lakini hayajachemka.

Hapo akaja Karangwa, askari wa bariera, kofia nyekundu, kifimbo kwapani.

"Zima! Zima motere yote! Bwana Mukubwa anateremuka na wageni. Hapendi moshi, hapendi makelele."

"Papa Karangwa, nikizima saa hii maji itachemuka. Acha izunguke kidogo tu, upepo uipoze."

"Ni weye njo unafundisha wakubwa?"

"Niko na mugonjwa huku nyuma."

"Siku ya bariera kila shofere iko na mugonjwa. Jana mumoja alinionyesha mbuzi!"

Mashofere wa mbele wakacheka. Karangwa akaingiza mkono dirishani, akang'oa ufunguo, akaondoka nao akiuzungusha kidoleni.

Feni ikasimama. Kitambo kidogo tu, radiatere ikaanza kupiga miluzi. Sebarenzi akafunga gunia bichi mkononi, akageuza kifuniko akiwa ameegemea nyuma. Mvuke ukaruka juu kuliko paa, maji mengi yakamwagika barabarani. Akaiacha wazi hivyo hivyo. Chuma chenye moto na kilichosimama hakimwagiwi maji ya baridi, kisije kikapasuka. Kinangojewa kipoe chenyewe. Ama upewe ufunguo, uwashe, ndipo uongeze kwa kipimo.

"Papa," Mukamurenzi alimwita mumewe, sauti kama karatasi. "Maji."

Dancille aliupindua mdomo wa bidoni, dumu lao la maji. "Shemeji, hata tone."

Sebarenzi akaanza kukimbilia bariera kuomba ufunguo. Akiwa mbioni akageukia kilimani, akaweka mikono mdomoni, akapiga ukelele wa pekee ambao watu wa pale waliuzoea kwake:

"Mama anaomba maji! Mama anaomba maji!"

Hakufikiri. Mtu mwenye mke anayekauka nyuma yake afikiri nini?

Karangwa alimwambia avue kofia kwanza. Akavua. Alimwambia angojee, wageni wapite. Akangoja, kofia kifuani, kama yuko kanisani. Motokaa tatu ndogo zikateremka polepole na vumbi lao, zikipenya kati ya malori na shimo. Ya pili ilikuwa na Bwana Mukubwa, mzungu wa serikali, amelala, mdomo wazi.

Ndipo Sebarenzi akasikia nyuma: kaa! Kama mti mkavu unaopasuliwa.

Alirudi mbio, ufunguo mkononi. Wanawake walikuwa wameizunguka pua ya lori, vibuyu vinachuruzika. Godelieve, yule aliyekuwa wa kwanza kufika kila safari, alimpokea kwa kigelegele.

"Papa Seba! Tumemupa yote! Vibuyu saba! Leo Mama ameshiba!"

Maji yalitoka ubavuni mwa motere, yakachanganyika na mafuta, yakateremka mavumbini.

"Mama gani?" Sebarenzi alisema. "Mumemupa mama gani?"

Chini ya turubai Dancille, aliyesikia kicheko chao na kudhani wanakuja kwake, aliuliza: "Maji iko wapi?"

Godelieve alijiziba mdomo. Akapanda nyuma, akapindua kibuyu chake, akapata ya kulowesha kidole. Akampaka mgonjwa midomoni.

Mti ukainuliwa. Wa mbele wakaenda. Wa nyuma wakapiga honi. Hakorimana, shofere wa lori lililofuata, alishuka akaja kuangalia.

"Tumupakie kwangu, kaka. Lakini mutuka yangu itapita wapi?"

Upande huu ukuta wa mlima, upande ule shimo. Walilisukuma lori bovu kwa mabega, watu ishirini, Karangwa akihesabu moja-mbili kwa kifimbo. Lilipoingia mtaroni jua lilikuwa limeshazama upande wa Walikale, na Mukamurenzi hakuwa anaomba tena kitu. Walimpandisha juu ya magunia ya mihogo ya Hakorimana, yeye na mtoto wake ndani, wakageuza njia kurudi kumzika.

Karatasi ilifuata baadaye. Iliandikwa kwamba shofere amepasua motere kwa ujinga, na kibali chake cha kuendesha kikachukuliwa. Lori lilitajwa na namba yake yote. Mukamurenzi hakutajwa. Amri ya kuzima haikutajwa vilevile. Wakubwa hawaandiki yanayotoka midomoni mwao.

Nyumba aliyokaa Kalembe ilikuwa ya shamba, wenyewe wakaitaka. Sebarenzi anapalilia maharage sasa, Karuba, juu ya bariera ile ile. Malori bado yanapanda na radiatere zinazovuja, na mashofere wapya wamerithi ukelele wake.

"Mama anaomba maji!"

Wanawake wanatupa majembe, wanakimbia. Yeye ananyooka na jembe lake, anapiga kelele kwa nguvu zote:

"Mama gani?"

Shofere anacheka tu. "Muzee huyu," anasema, "hajui mambo ya mutuka."