Vitufe vya Shemeji

Alikuwa msimamizi wa kompyuta katika ofisi ya maji ya mji, mwanamke asiyependa makuu, na kosa lake kubwa lilikuwa kumtafutia kazi mume wa mdogo wake. Bwana huyo alikuwa na vyeti vya kubandika ukuta mzima, na mdomo wa kuvisindikiza. Akapewa meza iliyo jirani na yake. Kwa kuwa wawili hao waliitana shemeji mbele ya watu, ofisi nzima nayo ikamwita Shemeji.

Kazi yenyewe Shemeji hakuipenda. Alichopenda ni kujiandaa kuifanya. Walitumia dirisha jeusi la amri, lile ambalo mtu huandika maneno machache, akabonyeza kitufe, kompyuta ikatii. Shemeji alilipamba dirisha hilo kama bibi harusi. Wiki nzima ikaishia kwenye rangi, iliyofuata kwenye herufi, kisha akaingia kwenye vitufe, na huko hakutoka tena. Kitufe cha Kontroli alikihamishia mahali pa kile cha herufi kubwa, kwa sababu, alisema, kidole kidogo kinasafiri mbali mno.

Mbali! Safari ya upana wa kidole chenyewe.

"Shemeji, unajua mtu anapoteza muda gani kila anaponyanyua mkono kushika kipanya?" alimuuliza siku moja.

"Sijui. Najua tu kwamba tangu asubuhi hujafanya kitu."

"Nafanya kitu. Nanoa shoka."

"Noa, shemeji. Mpini ukibaki, utatuita."

Yeye alicheka, Shemeji hakucheka. Watu wa namna hiyo hawachekagi. Wana njia za mkato za kila kitu isipokuwa hiyo.

Angeishia kwenye kompyuta yake, hakuna ambaye angeumia. Lakini mwenye kuona mwanga hawezi kukaa nao peke yake. Kwenye kona palikuwa na kompyuta ya pamoja, ambayo ndiyo pekee iliyotuma ujumbe kwenye simu za wateja. Jumatatu moja walifika wakakuta kipanya chake kimefungiwa kwenye droo, na ukanda wa juu wa dirisha, wenye alama ya kufungia, umeondolewa.

"Nimewasaidia," Shemeji alitangaza, mikono mfukoni. "Kila kitu sasa ni kwa vitufe. Mtanishukuru."

"Kuna kingine umebadilisha?"

"Vitu vidogo vidogo. Nitawaelekeza kwenye kikao." Akachukua kikombe chake, akaenda kuchemsha chai.

Asubuhi ile kulikuwa na bomba la kurekebisha kwenye mtaa mmoja mfupi. Msimamizi aliketi kwenye kompyuta ya pamoja ili awaarifu wakazi wake kuwa maji yatakatika mpaka jioni. Akaandika amri, akataja faili la namba za simu, akabonyeza. Namba zilipoanza kupanda kwenye skrini ndipo alipoona. Alikuwa ametaja faili la mji mzima.

Hakushtuka sana, maana kila aliyewahi kukaa mbele ya dirisha lile anajua breki iko wapi. Akabana Kontroli na C.

Chini ya skrini pakatokea neno dogo: *Imenakiliwa*.

Akabana tena. *Imenakiliwa*. Namba zikazidi kukimbia kama mchwa waliofunuliwa. Akakumbuka Shemeji alivyohamisha Kontroli kwenye mashine yake, akajaribu kile cha herufi kubwa. Herufi zikawa kubwa tu. Akatafuta alama ya kufungia dirisha, haipo. Kipanya kiko kwenye droo, na ufunguo wa droo umeenda na Shemeji kuchemsha chai.

"Shemeji! We shemeji! Inasimamishwaje hii?"

Jikoni, birika lilikuwa linachemka kwa kelele. Akapiga magoti chini ya meza na kung'oa waya wa umeme ukutani.

Alikuwa amechelewa. Nusu ya mji ilikuwa imeambiwa maji yanakatika, na hiyo nusu ikaipigia simu nusu iliyobaki. Watu wakafungulia mabomba kwa pamoja: ndoo, masufuria, mabeseni, hata chupa za watoto. Kufikia mchana matangi yalikuwa yamekauka. Maji yakakatika kweli, mji mzima.

Meneja aliwaita wote kwenye kompyuta ile.

"Faili nimekosea mimi," msimamizi alisema kabla hajaulizwa. "Hilo langu. Lakini niliona mapema, nikataka kuisimamisha, breki ikawa imeng'olewa."

"Haijang'olewa, imehamishwa," Shemeji alisema. "Kontroli na C inanakili, kama kwenye programu nyingine zote. Ni mantiki tu. Tatizo ni mtumiaji."

"Sawa," meneja alisema. "Kaa hapa, anzisha kitu chochote, kisha ukisimamishe."

Shemeji akaketi kama mpiga kinanda. Akaanzisha amri ya kuhesabu. Akabana breki yake mpya, kitufe cha Alti na cha alama ya mkato. Hesabu ikaendelea. Akabana Kontroli na mkato. Ikaendelea. Kumbe kwenye mashine yake alikuwa ameshabadilisha tena, na vidole vyake havikujua tena viko kwa nani. Mwishowe, mbele ya ofisi nzima, mkono ukajiendea wenyewe kwenye njia ya zamani.

*Imenakiliwa*.

Karani wa ankara alitoka nje ili acheke vizuri.

"Rudisha ilivyokuwa," meneja alisema.

"Ilivyokuwa… sikuihifadhi."

Msimamizi akamsogeza kwa bega. Akalitafuta faili la mipangilio, urefu wake kama wasia wa tajiri, akalifuta. Alipofungua dirisha tena, likaja jeusi, bila mapambo, na breki mahali pake.

Yeye alipewa onyo la maandishi kwa sababu ya faili, akalipokea bila kinyongo. Shemeji alipelekwa mapokezi kupokea simu za wateja, kwenye meza isiyo na kompyuta.

Jioni mdogo wake alipiga. "Dada, umemwaibisha mume wangu mbele za watu."

"Mimi nilikuwa nimesimama tu, mdogo wangu. Vitufe alivibonyeza mwenyewe."

"Anasema hatakusalimia tena."

"Kweli?"

"Ameapa."

Msimamizi akavua viatu, akanyoosha miguu kwenye kochi. Tangu bwana yule aajiriwe, hakuwahi kupata habari nzuri kama hiyo.