Fundo la Siku ya Tatu

Jani la tatu lilikuwa limelala juu ya kaunta ya Salem, kati ya mizani na debe la mafuta ya taa, na nilipolitazama vizuri nikajua kuna jambo.

"Haya, Mama Celina," Salem akasema, akilisukuma kwangu kwa kidole. "Bwana wako mzima. Hamis kalileta sasa hivi na nazi. Leo utapika kwa raha."

Sikuligusa. Lilikuwa jani la isale, refu, limefungwa fundo moja katikati kama tulivyokubaliana. Kwa mtu mwingine yeyote Kariakoo nzima lilikuwa jani tu. Kwangu lilikuwa habari kwamba mume wangu, huko pwani alikokwenda peke yake, ameiona jana salama. Na habari hiyo ilikuwa ya uongo.

"Hili halikufungwa jana," nikasema.

Salem akacheka. "Majani nayo yana tarehe siku hizi?"

Ilikuwa Aprili 1956, wiki ya pili baada ya Pasaka, na masika yalikuwa yameanza. Mume wangu Tarsis alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia, angali na nguvu zake, hajafika hata miaka hamsini. Miaka ishirini na tano ya nyundo katika karakana ya reli pale Gerezani ilikuwa imemla masikio. Watu wa kwetu Kibosho wakistaafu wana njia moja tu: wanafunga mizigo, wanapanda treni, wanarudi kwenye kihamba, shamba la ukoo, kutunza migomba na kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Mimi mizigo nilikwisha kuifunga. Yeye akaja na pikapu kuukuu, akashona hema la turubai kwa mikono yake, akatangaza kuwa anakwenda kulala ufukweni. Peke yake.

Mtaa mzima ulicheka. Mchaga aache mlima akalale mchangani, ana nini huyu? Mimi sikucheka, nilikasirika, na nikiwa na hasira huwa siulizi mara mbili. Nilimshika mkono ili anitazame midomo, nikamuuliza kwa nini.

"Nikiwa kule peke yangu," akasema, "hakuna anayesema nisichokisikia."

Jibu hilo lilinivunja nguvu. Nikakubali, lakini kwa masharti: mwaka mmoja wa pwani, halafu kihamba, na kila siku ya safari, jani moja.

Kwetu isale si ua la pambo. Ndilo linalosimama mpakani mwa shamba, ndilo tunalolipanda makaburini, na mtu aliyekukosea akikuletea jani lake lililofungwa fundo, huna ruhusa ya kumnyima msamaha. Hakuna anayelitia uongo jani hilo. Mche wangu niliuleta kutoka nyumbani mwaka nilioolewa, ukakua ndani ya debe uani kwetu, Mtaa wa Sikukuu. Niliuchagua makusudi. Nilitaka kitu ambacho Tarsis asingethubutu kukichezea.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Jumatatu angekata majani saba, ayafunge kamba mbele ya pikapu, aende zake hadi ng'ambo ya Kisiju. Kila alasiri angerudi Kisiju kwenye duka la Ubeid, mtoto wa ami yake Salem, afunge fundo kwenye jani moja, amkabidhi. Alfajiri Hamis, dereva wa Salem, alibeba nazi na jani kwa lori, na asubuhi mimi nalipokea Kariakoo. Safari nne zilikwenda hivyo. Majani yote niliyatundika ukutani, na ndipo nilipoona jambo ambalo sikumwambia mtu. Jani la siku ya kwanza hufungwa bichi, likajikunja laini. La siku ya tatu limeshakaangwa na jua na joto la injini. Ukilifunga fundo linapasuka. La saba lilikuwa likifika karibu vipande viwili.

Lile la kwenye kaunta lilikuwa laini, halina hata ufa.

"Mungu shahidi, Ubeid hawezi kusema uongo," Salem akasema, sasa hacheki. "Unamtukana ndugu yangu dukani kwangu?"

"Simtukani. Nisubiri hapa."

Nikakimbia. Mwanamke wa umri wangu, kanga inanidondoka, nikipita katikati ya wachukuzi na matenga ya nyanya, nikakimbia hadi nyumbani. Jumatatu, Tarsis alipokuwa akifunga majani yake, jani moja la ziada lilianguka, nami nililiokota nikaliweka dirishani juani bila sababu yoyote. Nikalichukua nikarudi nalo kwa Salem.

"Hili lilikatwa siku moja na hilo," nikamwambia. "Lifunge."

Akalishika kwa vidole vyake vya kupimia sukari, akalikunja taratibu, akavuta. Likapasuka. Likaacha ufa mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Salem akaliweka kando ya lile lingine, akatazama hili, akatazama lile. Halafu akapaza sauti kuelekea nyuma ya duka: "Hamis! Acha kupakia. Washa gari."

Njiani sikulia. Nilikaa katikati ya Salem na Hamis, mvua ikipiga kioo, na maneno ya Jumatatu yakawa yananizunguka kichwani. Tarsis alikuwa amekwisha kupanda kwenye pikapu. "Severa, umenifunga kamba kama mbuzi," akasema. Nami nikamjibu, "Mbuzi aliyefungwa hapotei." Kwa siku tatu nilikuwa nimelifurahia jibu langu hilo. Baada ya Mkuranga gari lilikwama matopeni mara mbili, na mara zote mbili nilishuka nikasukuma, Salem akinikataza.

Ubeid alitupokea kwa furaha, akatukaribisha kahawa. Salem akamuuliza kwa Kiarabu, halafu kwa Kiswahili ili nami nisikie. Ubeid akavuta mtoto wa meza. Ndani yake yalikuwa majani manne, yamepangwa vizuri, kila moja na fundo lake.

"Mzee aliyafunga yote hapa hapa Jumatatu," akasema. "Akaniambia, mpe Hamis moja kila alfajiri, mama watoto ana wasiwasi. Nikaona ni mambo ya mke na mume, bwana. Kuna kosa?"

Nilikuwa namtafuta wa kumkasirikia, na sikumpata yeyote ila mtu ambaye huenda alikwisha kufa.

Tulimkuta alasiri, mwendo wa saa nzima kusini, mahali njia inapoishia mchangani. Pikapu ilikuwa imeinamia upande mmoja, gurudumu limelazwa pembeni. Jeki ilikuwa imezama kwenye mchanga laini, na chuma kinachoshika gurudumu kilikuwa juu ya mguu wake wa kushoto, chini ya goti. Tangu Jumanne mchana. Alikuwa ameivuta ncha ya turubai hadi karibu yake na kukinga maji ya mvua kwa sufuria ya chai. Ni hayo tu yaliyomweka hai. Aliita siku mbili, asijue kama sauti yake inatoka.

Salem na Hamis wakaanza kuchimba. Mimi nikapiga magoti mchangani, nikamshika uso. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Umejuaje?" akauliza.

"Fundo," nikasema, polepole, ili aone.

Akafumba macho. Fundi wa vyuma miaka ishirini na tano, alielewa mara moja.

Madaktari walimwokoa yeye, mguu haukuokoka. Alirudi nyumbani Juni, na majirani waliokuja kumpa pole walikuwa na methali ile ya guu kwenye ncha ya ulimi, lakini walipoona nilivyokaa hakuna aliyethubutu kuimalizia. Mizigo yetu ilikuwa bado imefungwa. Pikapu ilibaki Kisiju, kuku wa Ubeid wakilala ndani yake.

Jumapili moja baada ya misa alitoka uani kwa magongo yake. Nilikuwa nachambua mchele. Akaenda hadi kwenye debe, akaegemea ukuta, akakata jani moja bichi, akalifunga. Akaja akasimama mbele yangu, akalinyoosha kwa mikono miwili, magongo yakiwa yameegemea mbavu zake.

Nilikuwa nikiingoja siku hiyo, na nilijua nitafanya nini. Nikasimama, nikalipokea kwa mikono miwili. Nilimsamehe, na nilimsamehe kweli. Hadi tulipomzika Kibosho sikuwahi kulitaja tena kosa lile.

Lakini kabla vidole havijalifunika, nililigeuza kwenye mwanga, nikalikagua fundo. Na Tarsis, kama watu wote wasiosikia, alikuwa akinitazama usoni.