Ziwa Likitulia

Ofisi ya upimaji ardhi ya mzee Luhende iko Luchelele, juu kidogo ya ziwa. Intaneti yake hutoka kwenye mnara wa ng'ambo, upande wa Sengerema. Antena iliyo ukingoni mwa paa huipokea, kisha ruta huisambaza ndani. Kwa mwezi mzima ilikuwa ikikatika karibu kila asubuhi. Zakia, mchoraji wa ramani, alizima na kuwasha ruta mpaka akachoka. Luhende akanunua ruta mpya, hali ikawa ile ile.

Akaitwa fundi Getruda kutoka Buzuruga. Alikagua nyaya, kisha akaunganisha kompyuta yake kwenye antena bila kupitia ruta. Bado ikakatika. Akasema ruta haina kosa, tatizo liko njiani, kati ya paa na mnara. Lakini njiani hapakuwa na mti wala jengo. Palikuwa na maji tu.

Zakia akasogea dirishani. Ziwa lilikuwa kimya, mawingu yote yamo ndani yake. Kuelekea saa nne upepo ukaanza, maji yakakunjamana. Nyuma yake Getruda akasema intaneti imerudi.

"Fundi," Zakia akasema polepole, "ni ziwa. Likitulia, linatukatia."

Getruda akaja dirishani kuyatazama maji. Kisha akamweleza kwamba mawimbi ya redio ya mnara huja kwa njia mbili: mengine moja kwa moja, mengine yakidunda kwenye maji. Maji yakiwa laini kama kioo, kama asubuhi za mwezi huu, yale yaliyodunda hufika na nguvu zake zote, yakiwa yamechelewa kidogo, na kuyafuta yale ya moja kwa moja. Aliyasoma hayo chuoni, ila hakuwahi kuyaona kwa macho.

Nyuma ya ofisi kuna mteremko wenye mwamba mkubwa. Zakia alipanda na darubini ya kupimia, akatafuta mpaka akapata mahali ambapo mwamba uliyaficha maji yote, lakini kichwa cha mnara kikaonekana juu yake. Hapo wakasimika antena, ili mwamba uyazuie mawimbi yanayodunda majini.

Kesho yake ziwa lilitulia tena, na intaneti haikutikisika. Ramani za viwanja vya Buhongwa, zilizokuwa zikikwama, zilikwenda zote kwa wateja. Zakia alikuwa nje, akilitazama ziwa. Miaka sita kazi yake ilikuwa ikivuka juu ya maji yale, ikiyagusa, naye hana habari. Luhende alipomwita ndani, Zakia alimwomba amsubiri kidogo.