Anasema Ni Kweli

"Muulize kama shtaka ni kweli au si kweli," hakimu alisema bila kuinua macho.

Akello alimgeukia mama aliyekuwa kizimbani akamuuliza kwa Kijaluo. Alikuwa amesimama pale pake pa kila siku, hatua moja kutoka kizimbani, uso nusu kwa mshtakiwa na nusu kwa hakimu. Miaka kumi na minne amekuwa mkalimani wa korti hii ya Eldoret, na rangi ya sakafu ilikuwa imetoka kabisa pale viatu vyake vinapokaa. Wezi wa mifugo, walevi, wake waliochoka kupigwa, waume waliojifanya hawakumbuki, wote walikuwa wamepitia mdomoni mwake.

Kazi yenyewe ina sheria moja tu. Mkalimani ameapa kusema yote yanayosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Mshtakiwa akisema, Akello huanza na neno lilelile, "Anasema", kisha anamimina kila kitu kwa Kiswahili, naye hakimu anaandika kwa Kiingereza chake. Makarani humtania kwamba mtu akipiga chafya kizimbani, Akello ataitafsiri pia.

Lakini asubuhi hiyo nusu ya akili yake haikuwa kortini. Saa tano alitakiwa hotelini, Barabara ya Uganda, kwa mahojiano ya ufadhili. Wakfu mmoja ulikuwa unatafuta mfanyakazi mmoja wa korti, jela au polisi, umlipie masomo ya shahada ya uzamili katika haki ya jinai. Nafasi ilikuwa moja tu, na mwenye miaka arobaini na tano hapokewi. Akello angeifikisha kabla ya nafasi nyingine kutangazwa. Shahada ya kwanza aliisoma Jumamosi na Jumapili, akikosa harusi za watu hadi wakaacha kumwalika. Kwa siku ya leo alikuwa amejinunulia koti la rangi ya damu ya mzee, la mtumba lakini zito, maana baridi ya Julai Eldoret haina huruma. Alitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona haya kuitaka.

"Madam, si hiyo intavyu yako ni leo?" Kimeli, askari wa korti, alikuwa amemnong'oneza mlangoni. "Sema tu uende. Huyu mathe atangoja kesho."

"Akingoja kesho analala seli, Kimeli. Nani mwingine hapa anajua Kijaluo?"

"Sawa. Lakini akikubali, si dakika mbili tu?"

Kimeli alikuwa amesema kweli. Mama Adoyo alikamatwa mtaa wa Langas, ndani ya nyumba ya binti yake, mtungi wa chang'aa, ile pombe haramu, ukiwa chini ya kitanda. Alikuwa ametoka upande wa ziwa juzi tu, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Hakimu huyu, Mheshimiwa Chepkirui, alikuwa mkali kwa wapishi wa pombe, ila kwa wazee alikuwa na njia yake. Mzee akikubali kosa, na iwe mara ya kwanza, anamwonya na kumwachilia aende nyumbani. Watu wote wa korti walilijua hilo. Bila shaka huko seli mama naye alikuwa ameshaelezwa.

Sasa Mama Adoyo aliinama juu ya ukingo wa kizimba. Hakumtazama hakimu. Alimtazama Akello, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyefika ugenini akakuta mwana wa kwao.

"Nyathina," alisema polepole. Mwanangu. "Wewe ni mtoto wa nyumbani, utanielewa. Waambie ni kweli. Pombe ni ya Apiyo wangu, lakini Apiyo ana watoto wadogo, akifungwa wataangaliwa na nani? Mimi nimezeeka, haidhuru. Wewe waambie tu ni kweli."

Kisha akarudi nyuma, akakunja mikono, akangoja. Alikuwa amemaliza. Kwao mama akiongea na binti namna hiyo, binti anajua la kubeba na la kuacha.

Akello alijua pia. Alilelewa hivyo hivyo. Angesema maneno matatu, "Anasema ni kweli", na hakimu angetoa onyo, na mama angekula chakula cha mchana nyumbani, na yeye angefika Barabara ya Uganda akiwa hata hajatoka jasho. Maneno hayo matatu yalikuwa ndani ya maneno ya mama, hayangekuwa uongo.

"Madam Akello?" hakimu alisema. "Amesema mengi huyo. Anasemaje?"

"Anasema," Akello alianza, na miaka kumi na minne ikamvuta mbele kabla hajakata kauli. "Anasema, mwanangu, wewe ni mtoto wa nyumbani, utanielewa. Anasema, waambie ni kweli. Anasema pombe ni ya Apiyo wake, lakini Apiyo ana watoto wadogo..."

Alisema yote. Hakuongeza, hakupunguza. Alipomaliza, kiongozi wa mashtaka alikuwa akiandika jina la Apiyo.

"Siwezi kupokea hayo kama kukubali kosa," hakimu alisema, na haikuonekana kama alifurahi kuyasema. "Naandika amekana. Atazuiliwa hadi mtu wa familia yake aje kumdhamini. Na polisi wamtafute huyo Apiyo."

Mtu wa familia yake mjini alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo aliyekuwa anatafutwa. Akello ilibidi amtafsirie mama hayo pia, kwa Kijaluo kizuri, neno kwa neno. Mama Adoyo alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakumtukana.

"Nilikuwa naongea na wewe," alisema. "Sikuwa naongea na yeye."

Hakimu aliinua macho. "Anasemaje?"

Na hilo nalo Akello akalisema.

*

Alifika hotelini amechelewa, matope ya Barabara ya Uganda yakiwa mpaka kwenye soksi. Bi Nasambu wa wakfu, mwanamke mcheshi mwenye miwani ya kamba, alimwambia asijali, wamepanga watu vibaya na yeye mwenyewe hajanywa chai. Kando yake alikaa Daktari Kigen, mwalimu wa chuo, ndiye mwenyekiti. Huyo hakucheka wala hakununa. Alimwonyesha kiti kilichokuwa mbele ya meza.

"Tumia lugha unayotaka," Daktari Kigen alisema. "Hebu tuambie, Bi Akello. Umeona nini kortini kinachokufanya utake masomo haya?"

Jibu alikuwa nalo. Alilifanyia mazoezi jikoni wiki nzima mbele ya sufuria, kuhusu kesi kuchelewa na msongamano wa mahabusu. Lilikuwa jibu safi, lenye mwanzo na mwisho. Alifungua mdomo.

"Anasema kwamba..."

Daktari Kigen aliinua kichwa. "Nani anasema?"

Bi Nasambu aliangua kicheko, na Akello akacheka naye, mashavu yakiwaka moto. "Pole. Ni mazoea ya kazi."

"Haya, anza tena. Pole pole."

"Mimi," Akello alisema. "Mimi, kwanza, naona kwamba..." Lile jibu la jikoni halikuja. Kilichokuja ni uso wa Mama Adoyo ukilegea kwa kumwona, na mikono aliyoikunja akingoja aokolewe. Akello alijaribu mara ya tatu, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, asiyoijua mwenyewe. Alihisi nafasi yake inamponyoka pale pale, mbele ya watu wawili wenye heshima zao na sahani ya biskuti. Aliogopa kwamba atalia.

Alijikaza. "Naweza kusimama?"

"Simama tu," Daktari Kigen alisema.

Aliinuka. Alivua koti akalivisha mgongo wa kile kiti, akalinyoosha mabega yake yakae sawa. Kisha akasogea hatua moja pembeni, akageuza uso nusu kwa kiti na nusu kwa meza. Bi Nasambu aliacha kutabasamu.

"Anasema," Akello alisema, na sauti ikaja, ile ya kortini, isiyotetemeka. "Anasema leo asubuhi mama mmoja alimwita mwanangu. Mama huyo hakuwa na wakili. Hakuna mtu aliyekaa naye kabla ya korti akamweleza kwamba mkalimani si mtoto wa mtu, ni mdomo tu. Basi akamwambia siri ya nyumba yake, na mkalimani akaisema mbele ya watu wote, kwa sababu aliapa. Sasa mama yuko seli, na binti yake anatafutwa."

Hakuna aliyemharakisha.

"Anasema wako wengi. Wanakuja kutoka vijijini hawajui ni nani anawasikiliza. Wanakubali makosa ili warudi shambani, wengine ili kumpendeza askari. Yeye amesema maneno yao kwa miaka kumi na minne, na anasema maneno hayo hayakuwahi kumwuma kama leo. Anataka kujifunza kama kuna namna ya kupanga korti ili mtu kama huyo apate wa kuongea naye kwanza, kabla ya kuongea na sisi. Anasema hana hakika kama kitu hicho kipo kwenye vitabu. Kama hakipo, anataka kukiandika. Na anasema anataka nafasi hii sana, msione ametulia."

Nje pikipiki ilipita ikipiga honi. Bi Nasambu alivua miwani akaiacha ining'inie kifuani. Daktari Kigen aliweka kalamu chini. Aliangalia kiti kwa muda, lile koti la mtumba lililokaa wima kama mtu, kisha akamwangalia Akello.

"Niruhusu nimuulize swali," alisema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Muulize hivi. Mama yule akiletwa tena kizimbani kesho asubuhi, aseme maneno yale yale, yeye atayasema yote?"

Akello alikigeukia kile kiti. Akalirudia swali kwa Kijaluo, lote, hakuongeza wala hakupunguza. Kisha akainamisha kichwa kidogo upande wa koti, kama anavyofanya siku zote mshtakiwa anapokuwa na sauti ya chini, akangoja asikie litasema nini.