Maneno Mafupi Yenye X

Kila Jumamosi gazeti lilitoa herufi moja. Aliyeleta maneno mengi zaidi ya Kiingereza yenye herufi hiyo, neno lisizidi herufi nne, alichapishiwa jina lake na mtaa anaokaa, akapewa na mche wa sabuni. Mwaka ule wa tatu wa serikali ya wanajeshi sabuni ilikuwa imeadimika Kampala nzima, watu wanafulia majivu, kwa hiyo washindani hawakukosekana. Alanyo hakuitaka sabuni. Alitaka lile jina na mtaa.

Mume wake, Oloya, alikuwa polisi. Wanajeshi walipoanza kuwachukua polisi Waacholi, kabila lake, katika kambi ya Naguru, leo huyu, kesho yule, alitoka kwenda kazini na sare yake, hakurudi. Miezi minane Alanyo hakujua kama anamlilia mtu hai au maiti. Ndipo dereva mmoja wa lori akamwachia habari muuza karanga wa Nakasero: Oloya yuko Nairobi, mzima ila amekonda, na gazeti la Kampala linamfikia kila wiki. Wakimbizi wanalipokezana mpaka linachanika, naye bado anacheza ule mchezo wa herufi. Lakini hajui mke wake yuko wapi. Kambini nyumba yao ilishapewa watu wengine. Dereva hakuonekana tena, na barua za kwenda nje zilikuwa zinafunguliwa.

Zamani walicheza pamoja kibarazani, miguu ndani ya karai moja la maji. Oloya aliyatoa maneno kichwani, kwa kuwa alisoma. Alanyo aliishia darasa la nne, basi yeye aliyatafuta kwa macho: kwenye kopo, kwenye kiberiti, kwenye gunia la unga. Oloya alimcheka kwamba anaokota maneno kama kuku anavyookota mtama. Sasa hata kicheko kile angekilipia kwa safari ya miguu hadi Busia, mpakani mwa Kenya.

Wiki ile herufi ilikuwa X. Alanyo akaingia mjini kuokota.

Kwenye vibao vya maduka waliyoacha Wahindi, hapo Old Kampala, akapata box. Kila kibao kilikuwa na sanduku lake la posta, ingawa wenyewe walishafukuzwa. Kwa fundi viatu akapata wax. Stendi ikampa taxi, afisi moja ikampa tax. Akapanda mpaka hospitali ya Mulago, akasimama kwenye foleni ya wagonjwa bila kuumwa, na nesi alipoita mtu mwingine akapata next. Juu ya mlango paliandikwa exit. Kwenye fomu ya mgonjwa aliyekuwa mbele yake aliona na lile neno la kuulizia jinsia, mume au mke, akaona haya, lakini akaliandika mwisho kabisa, kwa herufi ndogo.

Mzee Kamis, Mnubi aliyempa chumba cha nyuma hapo Old Kampala, aliwahi kuwa askari wa Mwingereza. Alipoulizwa alisimama wima uani, akaubana ufagio ubavuni kama bunduki.

"Fix," akasema. "Hiyo ya kufunga singe nilipigiwa kelele miaka kumi na mbili. Andika, bibi ya Oloya. Na ox andika. Hiyo walikuwa wananiita mimi."

Yakafika kumi na matatu. Alanyo akayapanga safi, akatia jina chini, akaipeleka karatasi mwenyewe mpaka dirisha la gazeti. Wiki nzima hakula akashiba.

Jumamosi akanunua gazeti, akalifungua palepale njiani. Mshindi alikuwepo. *Oloya, namba 4127, Old Kampala.*

Alicheka peke yake, watu wakamtazama. Alifika nyumbani karibu anakimbia, akamwonyesha Mzee Kamis. Mzee akasoma, akakunja gazeti mara nne, akalikalia.

"Nani aliandika hivi?"

Alanyo alipotaka kusema ni yeye, ndipo akaliona kosa lake. Kambini kila kitu kilikwenda kwa jina la mwanamume na namba yake: posho, mafuta ya taa, dawa, hata kuni. Mke akitumwa kuchukua, alitia jina la mume na namba ya mume. Miaka sita mkono wake haukuandika kingine. Akili ilikuwa kwenye X, mkono ukaenda kwenye njia yake ya siku zote.

"Hao watu nao wanasoma gazeti," Mzee Kamis akasema. "Wanatafuta mtu, wewe umewaonyesha mlango. Toka saa hii, mtoto yangu."

"Na yeye akija?"

"Nitamwambia ulikuwa hapa."

"Na nilikokwenda?"

"Usiniambie. Nikipigwa, nisiwe na kitu cha kutoa."

Akaondoka na sufuria, blanketi na kalamu. Akaenda Mulago, ambako ndugu za wagonjwa wanapika na kulala kwenye majani, na hakuna anayeuliza mgonjwa wako ni nani. Siku ya tatu alisikia kwa muuza karanga kwamba gari lisilo na namba lilisimama kwa Mzee Kamis. Walipekua, wakamzaba makofi, wakaondoka na kuku wake.

Alanyo alilia kwa ajili ya mzee. Halafu akawaza Nairobi. Oloya ameliona jina lake na namba yake vikikaa Kampala bila yeye. Atajua ni nani pekee anayeweza kuandika hivyo. Atajua mke wake ni mzima. Lakini mtaa aliousoma hauna mtu.

Jumamosi iliyofuata herufi ilikuwa J. Mwanamke jirani, aliyekuwa anamuuguza mama yake, alimpa jug. Mengine akayaokota wodini. Alipofika chini ya karatasi kalamu ikasimama. Katika vitabu vya kambi hakuna aliyewahi kuandika jina lake. Waliandika *mke mmoja*, basi. Mzee Kamis mwenyewe hakulijua. Duniani pote, nje ya kijiji chao, aliyeliita alikuwa mtu mmoja.

Akaandika *Alanyo*, polepole, kama mtoto wa shule. Akaongeza *Mulago*. Akaliangalia jina lile, lilivyo fupi, halina namba, halina mume. Kisha akaomba jirani amwangalizie sufuria, akashuka mjini kabla dirisha la gazeti halijafungwa.