Pengo la Kusema Haya

1.

TANGAZO KWA MASHABIKI

Bendi ya Ukungu wa Timboroa inasikitika kuwaarifu kuwa albamu yake ya pili ya kantri itachelewa. Sauti ya Bi. Jerotich imeondolewa kwa ombi lake mwenyewe. Mabadiliko haya hayahusiani kwa vyovyote na ndoa yake na Bw. Kihara, mwimbaji mwenzake.

2.

Yanahusiana.

3. Kihara

Sisi hatukuwahi kuhesabu moja, mbili, tatu kama bendi za watu. Gitaa linazunguka kwenye utangulizi, Jerotich ananitazama, anasema "haya", naingia. Isikilize albamu ya kwanza. Utamsikia kwa mbali, mwanzo wa kila wimbo, kama mtu anayemwambia mwenzake wavuke barabara.

Sasa sijui pa kuingilia.

4. Fundi wa studio

Nilidhani ni kazi ndogo. Unafuta sauti ya mama, umemaliza. Kumbe hawa watu waliimba wakitazamana, vyumba tofauti walivikataa, na sauti yake ilikuwa imevujia kwenye maikrofoni ya mume. Nilifuta ya kwake, nikamkuta bado yumo kwenye ya Kihara.

"Mzee," nikamwambia, "itabidi uimbe zote upya. Peke yako."

"Na yeye, ukimfuta, anaenda wapi?"

Mimi ni fundi tu. Nilijifanya natafuta waya.

5. Yaliyosikika baa moja Nakuru, kofia pana zikiwa vichwani

— Ule wa mtoto ndio unanimaliza.

— Wacha tu! Likifika lile jina, baa nzima chupa juu.

— Kwani alikuwa mtoto wa nani?

— Ah, ni wimbo bana. Nani alikwambia ni mtoto wa mtu?

(Jerotich alikuwa nyuma yao, anakunja waya za jukwaani.)

6. Jerotich

Wewe unayesoma, acha nikueleze vizuri. Binti yetu hakumaliza wiki. Kwao kina Kihara, msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Sasa mimi ni mke wa mwana. Jina la mama mkwe, ambalo kwetu ni mwiko, nitalitamkaje hivi hivi? Nilikuwa namwita mtoto "mami", nikijua nitalizoea polepole, atakua, atakosea, siku moja nitampigia kelele kwa jina lake kamili.

Sijawahi kulitamka jina la mwanangu. Kihara alilitia kwenye wimbo, na walevi wa Nakuru wanalijua kwa sauti mbili.

Inauma. Sina namna nyingine ya kulisema.

7. Jikoni, siku aliyoondoka

"Ni jina la mama yangu, Jero. Ni langu pia."

"Sijakataa. Ungeniuliza."

"Nilidhani tukiliimba pamoja—"

"Pamoja na nani? Hapo kwenye jina mimi huwa naitikia *ooo* tu. Hujawahi kusikia?"

Hakuwahi.

8. Fundi tena

Kihara akarudi kuimba peke yake. Gitaa likazunguka, likazunguka tena, naye anaukodolea macho ule upande aliokuwa akisimama Jerotich. Kila wimbo alichelewa. Nikataka kukata.

"Usikate," akasema. "Acha pengo. Na kwenye ule wa mtoto, pale kwenye jina, nitanyamaza."

9.

ILANI KWA VITUO VYA REDIO

Ukimya uliomo katika albamu hii si hitilafu ya mitambo. Tafadhali msiujaze kwa matangazo.

10. Burnt Forest, dukani kwa dada yake Jerotich

Jerotich anapima sukari. Mteja anangoja. Redioni gitaa linaanza, na mkono wake unalijua kabla yake, sukari inasimama.

Linazunguka. Kihara haingii.

Linazunguka tena.

Ingia, mjinga wewe.

Haingii.

"Haya," anasema Jerotich.

Anaingia.

"Haya nini, mama?" anauliza mteja. "Hata nusu haijafika."

Anasikiliza ubeti mzima, mkono mmoja kwenye kitufe cha kuzimia. Kihara anapafikia pale kwenye jina, na redio



11.

Mteja akageukia mlangoni kuona ni nani Jerotich amemwita kwa jina.